Kama Roho ndiye anayegeuza moyo, mahubiri ya nini?

Dada, umeuliza vizuri. Msome Lidia, yule muuza rangi ya zambarau aliyekuwa Filipi (Matendo 16:14). Paulo alinena, Bwana akaufungua moyo wa Lidia. Kazi mbili, na hakuna inayoifuta nyingine. Mhubiri humtajia mtu dhambi yake na kumwonyesha Kristo. Kufungua moyo si kwake. Siku ya Pentekoste vilevile: waliomsikia Petro walichomwa mioyo, wakauliza wafanye nini. Swali hilo ndilo matayarisho yenyewe ya moyo kumpokea Kristo! Wakaambiwa watubu na kubatizwa, na siku ile wakaongezeka watu wapatao 3,000.

Ndiyo maana mikutano yetu ya injili hapa Kigoma, Mwanga na Ujiji, hunisikitisha ikiishia kwenye kuhesabu mikono iliyoinuliwa. Neno likimshika mtu utaliona kule mwaloni Kibirizi, mwenye mtumbwi akimlipa mvuvi wake fungu la dagaa alilompunja (Zakayo mtoza ushuru naye aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne). Na vipaza sauti vikishazimwa, wachungaji wetu wakae na hao wanaouliza, nyumba kwa nyumba, hata kama ni wawili tu.