Kila mtoto akinyonya tumbo linaninyonga kama uchungu umerudi, ni chango?

SWALI: Shkamoo dokta. Nimejifungua mtoto wa pili, leo siku ya nne, njia ya kawaida. Kila mtoto akishika ziwa tumbo linanyonga chini ya kitovu kama niko leba tena, na damu inachuruzika palepale. Mtoto wa kwanza sikuyaona haya. Mama mkwe anasema ni chango, kaniletea mizizi nichemshe, na anataka mtoto apewe maziwa ya kopo kwanza mpaka nitulie. Halafu hili tumbo mbona bado kama mimba ya miezi mitano? Mama wa wawili, Tanga.

JIBU: Marahaba mama, na hongera sana. Mimi ni mkunga lakini, sio dokta, ila hili liko kwenye kazi yangu kabisa, wodi ya wazazi hatupitishi asubuhi bila mtu kulilalamikia, hasa wa uzao wa pili kwenda mbele.

Kinachonyonga hapo ni mfuko wa uzazi wenyewe unajikaza. Mtoto akivuta chuchu ubongo unapata taarifa na unaachia homoni inaitwa oksitosini, na hiyo inafanya kazi mbili kwa mpigo, inaminya titi ndani ili maziwa yashuke, na inaminya mfuko wa uzazi. Unakumbuka ile sindano uliyochomwa pajani mtoto alivyotoka tu? Kwenye vituo vingi ni oksitosini hiyohiyo, yuniti 10, tunaichoma ili usivuje damu. Sasa hivi mwanao ndo anakuchoma hiyo sindano, bure, kila akinyonya.

Na mwili una sababu ya kujikaza hivyo. Kondo la nyuma likibanduka linaacha kidonda kwenye ukuta wa mfuko, mishipa ya pale mimba ikiwa kubwa ilikuwa inapitisha kama nusu lita ya damu kila dakika au zaidi, na hakuna mtu anayeenda kukishona kile kidonda. Ni misuli tu, nyuzi zake zimeizunguka mishipa kila upande, zikikaza zinaibana na damu inakata. Ile damu unayoiona ikichuruzika akinyonya mara nyingi ni damu ya nifasi iliyokuwa imetuama ndani, mfuko ukijikaza inasukumwa nje, ndo maana hata ukiamka asubuhi ukasimama unaona imeshuka nyingi kwa mara moja halafu inatulia.

Mtoto wa kwanza hukuyaona kwa sababu misuli ilikuwa bado na nguvu zake, ikishakaza inabaki imekaza. Uzao wa pili imeshatanuliwa mara mbili, inakaza inaachia, inakaza tena, na hapo ndo panapouma. Ukija kupata wa tatu jiandae tu, mara nyingi yanazidi. Ila hayakai sana, siku tatu za mwanzo ndo kali, wengi wiki ikiisha yamekwisha.

Tumbo sasa. Mfuko wa uzazi kabla hujabeba mimba una gramu kama 60 hivi, siku ya kujifungua unakaribia kilo 1, hauwezi kunywea kwa siku nne. Nenda kakojoe, lala chali, bonyeza taratibu chini ya kitovu, utakuta kitu kigumu cha mviringo, huo ndo wenyewe. Siku ya kwanza unakuwa usawa wa kitovu, halafu unashuka kama upana wa kidole kimoja kwa siku, ukifika wiki mbili hivi huupapasi tena, umeshaingia nyonga, na wiki ya 6 umerudi karibu na ulivyokuwa. Kinachobaki juu ni ngozi na misuli ya tumbo, hiyo inachukua miezi. Kujifunga kanga sina ugomvi nako kama unapata nafuu ya mgongo, usikaze mpaka ushindwe kupumua, ila kanga haipunguzi mfuko, anayeupunguza ni mtoto.

Kwa hiyo kopo hapana. Ukimpa kopo anakaa muda mrefu bila kunyonya, maziwa ndo kwanza yanajaa siku hizi za tatu na nne, matiti yatakuwa mawe, na titi lisiponyonywa linapunguza kutengeneza. Mnyonyeshe mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku na mchana.

Mizizi nayo iache, kwa heshima zote kwa mama mkwe. Hatujui kipimo chake na inaweza kupita kwenye maziwa. Uji wa pilipili manga akikupikia kunywa. Kukandwa pia, kitaulo cha vuguvugu kinasaidia, maji ya kuunguza hapana, nimeona mapaja yametoka malengelenge.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi: kojoa kabla ya kunyonyesha. Kibofu kikijaa kinausukuma mfuko juu, unashindwa kukaza vizuri, unauma zaidi na damu inaongezeka. Kama bado yanakushinda, meza paracetamol ya miligramu 500 vidonge viwili nusu saa kabla hajanyonya, visizidi 8 kwa saa 24. Ibuprofen inasaidia zaidi na unaruhusiwa ukinyonyesha, ila kama una vidonda vya tumbo, tatizo la figo au presha ilipanda kwenye mimba uliza kwanza. Aspirini usiguse.

Ila pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, ukitoa bonge la damu kubwa kuliko yai, damu ikinuka vibaya, ukipata homa, maumivu yakikaa muda wote hata mtoto amelala, au kichwa kikigonga sana na macho yanaona ukungu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, usisubiri kliniki ya wiki ya 6.