Mdogo wako ana kilo 108 na promota anamtaka: asisaini, kwanza ridhaa

Mkuu mleta mada, nimesoma uzi wako wote na majibu ya wadau. Umeuliza hivi: mdogo wako ana miaka 21, ana futi sita na inchi tatu, kilo 108, amejifua mwaka mmoja kwenye klabu hapa Mwanza, hajawahi kupanda ulingoni kwenye pambano lolote la ridhaa (ngumi zisizo za malipo), na kuna promota anataka kumpeleka moja kwa moja kwenye ngumi za kulipwa, raundi sita. Asaini, au aanzie ridhaa? Wengi wamekujibu "mwache dogo akatafute hela". Mimi nasema asisaini, na naomba unisome hadi mwisho, maana jambo hili nimeliona likiharibu vijana wazuri.

Nimecheza uzito wa juu kwenye ridhaa, nikaenda kwenye kulipwa kwa muda, na sasa nafundisha vijana upande wa Nyakato.

Kitu ambacho wadau wengi hawakioni ni kwamba uzito wa juu haufanani na uzito mwingine wowote. Kijana wa kilo 60 akitaka pambano anakuta foleni. Wenzake wa uzito huo wamejaa kuanzia Igoma hadi Kirumba, Dar ndiyo usiseme. Atapigwa, atapiga, atachujwa, na hadi promota aje kumwona ameshaiva. Kijana wa kilo 108 hachujwi na mtu. Anatafutwa kabla hajajua hata kujifunga bandeji mikononi. Sababu ni kwamba watu wakubwa wanaokubali kupanda ulingoni ni wachache dunia nzima, na huko nje kuna mabondia wazito wanaojengwa ambao kila baada ya muda wanahitaji mtu wa kumpiga ili rekodi isonge. Mdogo wako anatafutwa kwa ajili ya mwili wake, si kwa ngumi zake, kwa sababu ngumi zake hakuna aliyeziona.

Nilikuwa na kijana mbeba mizigo wa soko la Mwaloni. Gunia la dagaa kwake lilikuwa mchezo. Akipiga begi, mnyororo unalia na vumbi linadondoka kutoka kwenye mbao za paa, watu wanasimama mlangoni kumtazama. Siku moja nikamwingiza ulingoni na kijana wangu wa ridhaa wa kilo 71, nikamwambia yule mdogo asipige kwa nguvu, aguse tu. Dakika ya kwanza mkubwa alirusha mikono yote. Mdogo hakukimbia. Alikuwa anasogeza mguu wa mbele nusu hatua, ngumi inapita, anamgusa mbavuni, anatokea upande wa pili. Dakika ya pili mkubwa mdomo wazi, glovu ya kulia imeshuka hadi kifuani, na visigino vimekaa chini. Mimi nikimwangalia bondia mzito naanza na visigino. Akichoka, miguu inakufa kabla ya mikono, kichwa kinabaki pale pale, na hapo hata ngumi ya kawaida inamkuta amesimama wima.

Nilimwambia tunahitaji miaka miwili ya ridhaa. Akaja promota mmoja, simtaji, akampa pambano nje ya nchi, taarifa ya wiki mbili. Raundi ya kwanza hakuimaliza. Aliporudi, ile hela aliyoahidiwa ilikuwa imekatwa tiketi, imekatwa viza, imekatwa vipimo, na kilichobaki hakikufikia hata anachopata Mwaloni msimu ukiwa mzuri. Hajarudi gym tena. Mikono ile ilikuwa ya kufika mbali, na kila nikimkumbuka roho inaniuma.

Na hili la kuitwa ghafla haliwakuti wachanga peke yao. Mwangalie Martin Bakole, jirani yetu wa Kongo. Agosti 2024 alimpiga Jared Anderson kule Los Angeles ndani ya raundi tano, dunia nzima ikajua ni moto. Februari 2025 Daniel Dubois akaugua, Bakole akaitwa Riyadh zikiwa zimebaki siku mbili tu, apigane na Joseph Parker. Akapanda na kilo zaidi ya 140 bila maandalizi, raundi ya pili akamalizwa. Huyo ni bondia aliyekomaa, ana kocha wa maana na ana jina. Sasa jiulize mdogo wako akiitwa hivyo atatokaje.

Sasa ridhaa inampa nini? Mapambano ya ridhaa kwa wanaume ni raundi tatu za dakika tatu tatu, majaji watano pembeni. Makosa ya kijana yanaonekana na anashuka akiwa salama, wiki ijayo mnayafanyia kazi. Daktari anampima kabla hajapanda. Akiangushwa kwa ngumi ya kichwa akashindwa kuendelea (KO), kwa kanuni za kimataifa anapumzishwa siku 30 angalau, zikiwa mbili ndani ya miezi mitatu ni siku 90, tatu ndani ya mwaka ni mwaka mzima nje. Kanuni hiyo imeokoa ubongo wa watu wengi. Kwenye kulipwa napo kuna kusimamishwa, lakini bondia asiye na mtu wa kumsimamia hupata njia za kuzunguka. Ujue pia kwamba wanaume wa ridhaa waliondolewa kofia za kinga kwenye mashindano makubwa tangu 2013, kwa hiyo ridhaa nayo si mchezo wa watoto. Kwenye mazoezi avae kofia, na glovu za wakia 16.

Anthony Joshua alianza ngumi akiwa na miaka 18, akachukua dhahabu ya Olimpiki London 2012 kwenye uzito wa zaidi ya kilo 91, akaingia kulipwa 2013, na Aprili 2016, kwenye pambano lake la 16, akamtwanga Charles Martin na kubeba mkanda wa ubingwa wa dunia wa IBF. Oleksandr Usyk alipigana mapambano zaidi ya 300 ya ridhaa, naye akachukua dhahabu London hiyo hiyo kwenye kilo 91. Alipokutana na Joshua Septemba 2021 alikuwa mwepesi kwa karibu kilo tisa, na akashinda kwa miguu na akili, raundi zote 12. Deontay Wilder ndiye mfano mnaoupenda ninyi wa "apige tu hela". Alianza na miaka 20, akawa na mapambano machache ya ridhaa, lakini hata hayo machache yalimpa shaba ya Olimpiki Beijing 2008. Halafu kwenye kulipwa walimjenga taratibu sana: mapambano 32 dhidi ya watu waliochaguliwa, wote akiwamaliza mapema, ndipo Januari 2015 akapewa Bermane Stiverne na kuchukua mkanda wa WBC. Aliyeruka ridhaa analipia muda huo huo huko mbele, na kule anahitaji mtu mwenye fedha wa kumlinda. Mdogo wako analo kundi la namna hiyo? Kama hana, ridhaa ndiyo ulinzi wake.

Kuna mdau kaandika "mbona Mwakinyo alikwenda Birmingham 2018 akampiga Sam Eggington raundi ya pili?" Ni kweli, na siku ile tulishangilia hadi sauti zikakauka. Lakini Mwakinyo hakwenda kule akiwa hajawahi kupigana. Alishapanda ulingo wa kulipwa mara nyingi, na kwa uzito wake Tanzania ina watu wa kujifua nao kila siku. Hapo ndipo mzito wa Mwanza anapokwama: nani wa kufanya naye sparingi, yaani kupigana naye mazoezini?

Jibu langu ni hili. Miezi ya mwanzo watumie hao hao wepesi, ndio watakaomfundisha miguu. Sheria ni moja, mkubwa apige ngumi ya mkono wa mbele tu na kukinga, mdogo apige zote. Baada ya hapo lazima asafiri. Dar kuna wazito wachache kwenye timu za majeshi. Kampala ni basi moja kupitia Bukoba na Mutukula, Nairobi unapitia Sirari. Wakenya wana utamaduni mzuri wa mabondia wazito kwenye timu ya polisi. Elly Ajowi alitokea huko hadi akapanda ulingo wa Olimpiki ya Tokyo. Wiki mbili na watu wa namna hiyo zinamfaa kuliko miezi sita ya kupiga begi. Na kama atapata nafasi ya kuingia JWTZ, Polisi, Magereza au JKT kupitia ngumi, asiichezee: mshahara, matibabu, na muda wa kufanya mazoezi. Wadau wanazungumzia hela, na kwa bondia wa ridhaa hapa kwetu hela ya uhakika iko hapo. Medali nazo zinawezekana. Birmingham 2022, michezo ya Jumuiya ya Madola, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walirudi na shaba, na wote wametokea kwenye ridhaa hii hii mnayoidharau.

Mazoezi nitagusia kidogo tu. Milima ya mawe ya Isamilo inajenga mapafu, apande kwa kukimbia na ashuke kwa kutembea. Magoti ya kilo 108 hayastahimili kukimbia kushuka kwenye mawe. Kuogelea ziwani, nimeona umependekeza kwenye uzi wako, mimi sishauri, kichocho kipo, hasa kwenye majani ya ufukweni. Chakula chetu kinatosha, sato na dagaa wapo, apunguze ugali wa usiku na soda. Akikaza miezi sita huenda ukakuta uzito wake halisi ni 98, na hapo mtu mwingine kabisa anapanda ulingoni. Usimpangie daraja kwa mzani wa leo.

Miaka 21 kuanza ridhaa si kuchelewa. Wazito hukomaa taratibu. Usyk alikuwa na miaka 34 alipompiga Joshua, na George Foreman alirudisha ubingwa 1994 akiwa na miaka 45. Apate mapambano kumi na tano hadi ishirini ya ridhaa, apoteze kadhaa, ndipo mzungumzie kulipwa, tena kwa raundi nne, si sita.

Siku hiyo ikifika, mambo ya kudai yawe kwenye karatasi. Jina la mpinzani na rekodi yake, wiki nane za maandalizi, nani analipa tiketi na viza, na kiasi anachobaki nacho mkononi baada ya makato yote. Kocha kwa kawaida anachukua asilimia 10. Anayetaka nusu mkimbieni. Mkataba wa kumfunga miaka mitano msiuguse bila mwanasheria. Vipimo vya kichwa, macho, homa ya ini na VVU afanye kabla, hospitali ya Bugando wanavyo, na nakala mbaki nazo ninyi.

Kwa huyu promota wa sasa, mjibu kwa adabu kwamba kijana anaanza ridhaa na mtazungumza baadaye. Atasema nafasi hairudi. Mkuu, mtu wa kilo 108 mwenye afya na miaka 21, simu itapigwa tena. Jumamosi asubuhi huwa tunafanya sparingi, nitumie ujumbe nikuelekeze, mlete nimwone akitembea ulingoni raundi tatu tu na kijana mwepesi.