Maswali ya Wasomaji: Ulimbwende, Mlima na Nusu Maili

Wahariri, shikamooni. Nasoma shahada ya uzamili ya fasihi hapa Moshi. Nataka kuunganisha ulimbwende (Romanticism), lile vuguvugu la sanaa la Ulaya la mwishoni mwa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19, na masomo ya mazingira. Msimamizi anasema mada imechakaa. Nianzie wapi?
*Mwanafunzi, Moshi*

Marahaba. Msimamizi wako ana hoja, kwani tasnifu za "taswira ya mazingira katika mashairi ya Wordsworth", mshairi wa Uingereza wa vuguvugu hilo, zimejaa makabatini. Ila walimbwende, yaani wasanii na waandishi wa vuguvugu hilo, wameacha pia kumbukumbu ambazo wanasayansi wa leo wanazitumia kama data. Mchoraji John Constable alipochora mawingu ya Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822, nyuma ya michoro mingi aliandika tarehe, saa na upepo ulikotoka, hivyo mchoro unalinganishika na rejesta za hali ya hewa za siku ileile. Mwandishi Henry David Thoreau aliandika tarehe za maua kuchanua huko Concord, Marekani, miaka ya 1850. Wanabiolojia wamerudi palepale na kukuta mimea mingi sasa inatangulia kuchanua.

Kwa hiyo chagua matini zenye tarehe na mahali. Shairi linalotaja "mlima" tu huna cha kulipimia.

Kwako wewe mlima uko dirishani. Uliza hivi: wasafiri wa Ulaya walioielezea Kilimanjaro katika karne ya 19 waliwaona watu, au waliona theluji tu? Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliiona theluji hiyo tarehe 11 Mei 1848, na kuna mtaalamu wa jiografia London aliyembishia kwa miaka. Kusanya vifungu 30 hadi 40, kila kimoja aya moja. Tengeneza jedwali lenye mwaka, mahali mwandishi aliposimama, na vitu anavyovitaja: theluji, msitu, migomba, mifongo (mifereji ya maji ya Wachaga), nyumba, watu.

Safu ya "aliposimama" ndiyo wengi huisahau, na bila hiyo kazi yote inaanguka. Aliye tambarare huona barafu na msitu kwa mbali. Asipotaja vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba za Wachaga, hilo halithibitishi kitu. Aliyepanda kupitia Marangu au Machame amekatiza migombani saa nzima na zaidi. Huyo akiandika kuhusu mlima mtupu, umepata jambo la kueleza.

Manufaa ya leo yako hapo. Ile picha ya asili isiyo na watu bado inasikika kwenye mabishano ya mipaka ya hifadhi. Ukanda wa nusu maili ukingoni mwa msitu wa Kilimanjaro ulitengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na majani, na mwaka 2005 msitu ukaingizwa katika Hifadhi ya Taifa. Usiruke lakini kusema mashairi ndiyo yaliyochora mpaka. Serikali za kikoloni zilikuwa na sababu zao za maji na mbao, na hizo zinatafutwa kwenye mafaili ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Omba kibali mapema.

Nami nafanya tasnifu ya aina hiyo, na nina wasimamizi wawili. Wa mazingira anadai namba, wa fasihi anadai uchambuzi. Nifanyeje?
*Msomaji, Usa River, Arusha*

Waandikie mwongozo wa misimbo (alama za kuonyesha kila kifungu kinataja nini) wa kurasa mbili, wausaini wote kabla hujakusanya chochote. Kisha wewe na mwenzako msimbe asilimia 10 ya vifungu, kila mtu peke yake bila kuchunguliana, mpige hesabu ya Kappa, kipimo cha jinsi mnavyokubaliana kuliko ambavyo ingetokea kwa bahati tu. Ikiwa chini ya 0.6, andika upya fasili zako. Mara nyingi mchawi ni kategoria kama "utukufu wa asili", inayochanganya kitu kinachoonekana na hisia ya mwandishi. Itenge iwe safu mbili.

Kwa vifungu 40 tumia asilimia za kawaida, achana na takwimu nzito. Huyo wa fasihi mpe vifungu vitatu au vinne vilivyochambuliwa neno kwa neno, sura nzima.

Vitabu vya kale napata wapi bure, na niviamini?
*Msomaji, Arusha*

Project Gutenberg na Internet Archive. Haki miliki za vitabu hivi zimekwisha. Maandishi yaliyosomwa na kompyuta ndiyo ya kuogopa. Katika vitabu vingi vya Kiingereza vilivyochapwa kabla ya takribani 1800, herufi s ilichapwa ndefu, ikifanana na f, hivyo kompyuta husoma "fame" (sifa) palipoandikwa "same" (sawa). Ukihesabu maneno kwa programu, sifa itazidi mno! Linganisha maneno 200 na picha ya ukurasa. Makosa yakizidi manne, tafuta nakala nyingine.

Angalia na toleo. Riwaya ya *Frankenstein* ya Mary Shelley ilitoka 1818, ikarekebishwa 1831, na nakala za bure hazisemi daima ni ipi. Simulizi yake ya kiangazi cha mvua cha 1816 karibu na Geneva, mwaka uliofuata mlipuko wa volkano ya Tambora huko Indonesia, imo kwenye utangulizi wa 1831, yaani kumbukumbu ya miaka 15 baadaye. Kwa hali ya hewa ya 1816, nukuu barua na shajara za mwaka huohuo.