Kwa nini mitambo midogo Turkana?

Ndugu, umeuliza kwa nini Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, waliweka mitambo 365 midogo ya kuzalisha umeme kwa upepo badala ya mikubwa michache. Jibu ni barabara. Kila mtambo ni kilowati 850 tu, na bawa lake ni kama mita 25, kwa hiyo treila iliweza kulitoa bandarini Mombasa hadi kule Marsabit. Bawa la mita 60 lingepitaje zile kona? Hata hilo fupi, ilibidi kwanza itengenezwe barabara ya kilomita zaidi ya 200 kutoka Laisamis.

Upepo wenyewe si tatizo: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nane. Kilichochelewesha umeme ni laini ya umeme ya kwenda kituo cha Suswa. Mitambo ilikuwa imekamilika 2017, ikaungwa na laini hiyo 2018.