Sambaza na ugali kwa mtoto wa miezi 9

Mama, ukiuliza kama mtoto wa miezi 9 anaweza kula sambaza (samaki wadogo wa ziwani) na ugali wa nyumbani, jibu ni ndiyo, ila mpakulie chakula chake kabla hujatia chumvi na pilipili. Sambaza mbichi zichemshe, usizikaange. Toa kichwa na mfupa wa kati, kisha vunjavunja nyama kwa vidole safi hadi usihisi mwiba wowote. Zilizokaushwa zioshe mara mbili tatu kutoa mchanga na chumvi, zikaange bila mafuta zikauke, zitwange, uchekeche. Kijiko kimoja cha chai ndani ya uji kinatosha.

Cha kushika mwenyewe mpe avoka iliyoiva, ndizi, boga au kiazi kitamu kilichochemshwa, vipande virefu kama kidole chako. Kibonyeze kwanza kwa vidole viwili: kisiposagika, hakijaiva vya kutosha kwake. Ugali uusonge laini, tonge dogo lenye mchuzi, kwani mkavu hukwama kooni. Aketi wima, na mtu awe karibu muda wote.

Karanga nzima hapana kabisa, hata meno yakiota, maana huingia njia ya hewa, zisage. Sombe (majani ya muhogo) sawa, mradi imetwangwa na kuchemka vizuri, kwa sababu mbichi ina sumu. Asali ngoja amalize mwaka.

OMS (Shirika la Afya Duniani) inashauri milo 3 hadi 4 kwa siku kwa umri huu, na ziwa la mama liendelee. Akivimba midomo au kutoka vipele baada ya samaki, acha, mpeleke kituo cha afya.