Jibu: Prosesa inafika nyuzi 92, je, inaungua?

Mkuu, haiungui. Umesema laptopu inakaa nyuzi 50 ikiwa imetulia na inapanda hadi 92 ukihariri video, hapo Dar, chumba hakina AC. Hiyo 50 isikunyime usingizi: feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba, na chumba chenyewe kina 32.

Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100. Ikigusa hapo inajipunguzia kasi yenyewe, na joto likizidi kupanda, mashine inazimika ghafla. Kwa hiyo swali la maana ni hili: kasi inashuka? Fungua HWiNFO (programu inayoonesha joto na kasi ya prosesa), anza kazi yako ya video, iache dakika 20. Usihangaike na namba moja inayorukaruka. Tazama safu ya wastani, kisha linganisha kasi ya dakika ya kwanza na ya mwisho. Meneja wa kazi wa Windows (Task Manager) hakuoneshi joto la prosesa, usipoteze muda huko.

Yangu ilikuwa inafika 97. Nilipoifungua, kati ya feni na vile vibati vya kupozea kulikuwa na vumbi limeshikamana kama kipande cha blanketi. Nililitoa kwa brashi ya rangi (shikilia feni kwa kidole isizunguke), nikabadilisha pesti (ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa), ikashuka hadi 81.

Halafu, samahani kuuliza, unaiweka kitandani, matundu ya hewa yakazibika?