Mama mwenye moyo dhaifu atembee au alale? Jibu kwa dada wa Mabatini

Dada, umeuliza kama mama yako, ambaye moyo wake hausukumi damu vizuri, aanze kutembea au abaki kitandani kama ndugu wanavyosisitiza. Atembee, mradi hali yake imetulia na daktari wake amekubali. Utafiti wa HF-ACTION uliotoka mwaka 2009, wenye wagonjwa 2,331 wenye moyo dhaifu kama wake, ulionyesha mazoezi ni salama kwao. Kulala tu kunadhoofisha misuli ya miguu, na hilo nalo huleta uchovu mnaodhani ni wa moyo peke yake.

Ila milima ya mtaani kwenu Mabatini siyo ya kuanzia jamani! Mshusheni kwenye barabara tambarare asubuhi, kabla ya jua kali, dakika tano hadi kumi, mkiongeza taratibu. Kurudi juu apande bodaboda. Akitembea aweze kuongea sentensi nzima. Akishindwa, apunguze mwendo. Ndoo za maji wabebe wengine.

Mpimeni uzito kila asubuhi. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, miguu ikivimba, au pumzi ikibana akilala, asimamishe mazoezi na mumwone daktari. Kifua kikiuma au akizimia, hospitali saa hiyohiyo, msisubiri kuche.